Singeli itachuja lini?

Kuna swali lisilokauka vijiweni Dar es Salaam: singeli itachuja lini? Liliulizwa karibu na 2016, mwimbaji wa singeli Man Fongo alipotoka na "Hainaga Ushemeji" na msemo ule ukapenya mpaka kwenye vikao vya maofisini. Likaulizwa tena 2022, Tuzo za Muziki Tanzania ziliporudi zikiwa na kipengele cha singeli. Na bado linaulizwa. Wapo wanaouliza kwa hofu, kama mtu anavyoulizia hali ya mgonjwa, na wapo wanaouliza huku wakiomba dua jibu liwe "kesho asubuhi".

Nimeyasikiliza mabishano haya kwenye daladala, saluni, hata msibani kwa sauti ya chini. Wabishani wengi hawazungumzii kitu kimoja. Mmoja akisema "itapita" anamaanisha redio zitaacha kuipiga. Mwenzake akisema "haifi" anamaanisha mtaani kwao harusi haijanoga mpaka singeli ipigwe. Wote wanaweza kuwa sahihi, na bado wakagombana mpaka kituo cha mwisho. Kwa hiyo tuanze na maneno.

Singeli ni muziki wa kompyuta uliozaliwa uswahilini, maeneo kama Manzese, Tandale, Mburahati na Mbagala. Una kipande kifupi cha ala kinachozungushwa bila kuchoka, una ngoma za mashine, na juu yake kuna MC anayechana. Kinachomshtua mgeni ni kasi. Kasi ya muziki hupimwa kwa mapigo ya dakika moja. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100. Singeli hukimbia kati ya 200 na 300. Chukua 240, ambayo ni ya kawaida tu: hayo ni mapigo manne kila sekunde. Jaribu kugonga meza kwa mwendo huo. Dakika haitaisha mkono haujaomba poo.

Neno la pili ni "majaribio". Muziki wa majaribio ni ule ambao mtengenezaji ameacha kufuata njia iliyozoeleka na hajui atatokea wapi. Fikiria mpishi aliyetia embe bichi kwenye sufuria ya kunde. Huenda akapata kitu cha ajabu, huenda chakula chote kikaenda kwa kuku. Neno hilo halisemi kama muziki ni mzuri au mbaya, na halihitaji cheti cha chuo. Linaeleza namna ya kufanya kazi tu.

Hapa pana kichekesho kidogo. Manzese hakuna anayeita singeli muziki wa majaribio. Jina hilo lilikuja kwa mlango wa nje, hasa baada ya 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati. Wasikilizaji wa Ulaya wakapigwa na butwaa, wakaiweka singeli kwenye kabati moja na muziki mgumu wa kielektroniki unaosikilizwa na watu wachache kwenye kumbi zenye giza. Mama wa Mburahati aliyekodi spika kwa ajili ya mwanawe anayeolewa haoni jaribio lolote hapo. Anaona muziki wa shughuli. Kitu kilekile kina makazi mawili, na nusu ya mkanganyiko wetu inatoka hapo.

Lakini jaribio lilikuwepo, tena la kweli. Mtazame DJ wa uswahilini miaka ile kabla singeli haijawa na jina kubwa. Ana kompyuta iliyokwishapita mikono mitatu, na ndani yake kuna programu ya kuchezea nyimbo kwenye sherehe. Anafungua wimbo wa taarabu ya kisasa, anausogeza mpaka pale mwimbaji anaponyamaza na kinanda kinabaki peke yake. Anakata sekunde chache tu. Anazifunga zijirudie: mwisho ukigusa mwanzo, zinaanza upya. Kisha anakamata kile kitelezo cha kasi na kukisukuma mpaka kinapogota. Kinanda kilichokuwa kinabembeleza kinaanza kulia kama ndege aliyeshikwa mkia. Ungetegemea watu wapige kelele azime. Wakasogea karibu. MC akanyakua kipaza sauti, akaanza kuchana majina ya waliotoa tuzo, majina ya mitaa, na ya wale wasiotakiwa kutajwa.

Baadaye maprodyuza wakaacha kukata nyimbo za wenzao, wakaanza kutengeneza biti zao kuanzia sifuri kwa programu kama FL Studio. Hizo ndizo kazi za akina Sisso, Jay Mitta, Bamba Pana na Duke, ambazo hatimaye zilisafiri. Ila tendo la kwanza lilikuwa lile: kuchukua kitu kinachojulikana na kila mtu na kukiendesha mpaka kiwe kitu kingine.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu ile taarabu iliyokatwa nayo ina historia yake, na historia hiyo inajibu nusu ya swali.

Inasimuliwa Zanzibar kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga qanuni, ala ya nyuzi nyingi. Muziki wa ikulu ukaanza kwa kuiga Cairo. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo mpaka leo. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa kijijini Fumba, akaiimba taarabu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafirishwa hadi Bombay kurekodi santuri. Kuitoa taarabu kwenye baraza za wakubwa na kuitia mdomoni mwa watu wa Ng'ambo, mitaa ya walalahoi wa mjini Zanzibar, lilikuwa jaribio kubwa kuliko kukisukuma kitelezo cha kompyuta, kama unaniuliza mimi.

Miaka ya 1990 mambo yakageuka tena. Vinanda vya umeme vikaingia, watu wakaacha kukaa wakitikisa vichwa, wakasimama kucheza. Vikundi vya TOT na Muungano vikapigana vijembe vya mipasho, watu wakajaa kumbini kusikia nani kamwambia nini nani. Taarabu hiyo mpya ikaitwa rusha roho, na wazee wa taarabu asilia walisema si taarabu kabisa. Leo mtu akisema "taarabu" Temeke au Magomeni, mara nyingi hiyo rusha roho ndiyo anayoimaanisha, na hakuna anayeomba radhi. Na ni vinanda vya rusha roho ndivyo vilivyokatwa vipande na kuwa udongo wa kufinyangia singeli.

Upande wa pili wa ukoo ni mchiriku. Huu una asili yake kwenye ngoma za Wazaramo, lakini vijana wa Dar waliupigia vinanda vidogo vya Casio vilivyounganishwa na spika zinazokwaruza makusudi. Jagwa Music walianza 1992, na 2012 albamu yao ikatolewa na lebo ya Ubelgiji, Crammed Discs. Mchiriku wenyewe hausikiki sana siku hizi. Lakini kaa karibu na spika ya kigodoro, sherehe ya mtaani inayopigwa singeli, usikie ile sauti kali, chafu, isiyotaka kusafishwa, halafu uniambie kama mchiriku umekufa au umehama nyumba.

Ndiyo maana nasema swali la "kuchuja" linafunga vitu tofauti katika kifurushi kimoja.

Kuna kuvuma. Hapo tunahesabu redio, simu na tuzo. Kuvuma kuna msimu kama embe, na hakuna muziki duniani uliovuma bila kupumzika. Singeli imevuma, ikapoa, ikavuma tena mastaa wa bongo fleva walipoazima biti zake. Mtu anayepima uhai kwa kuvuma atautangazia kila muziki kifo kila baada ya miaka miwili.

Kuna kutumika, na hili ndilo ningependa tulikalie. Muziki wetu mwingi una kazi. Msondo ulikuwa na kazi unyagoni. Taarabu ina kazi harusini. Kazi ya singeli ni kigodoro, ile sherehe ya usiku kucha barabarani: turubai limekatiza njia, spika zimepangwa kama ukuta, akina mama wa sare wamefunga vitenge kiunoni, noti zinapepea, na DJ hana ruhusa ya kunyamaza. Kasi ile ina maana yake humo. Saa tisa usiku, watu wamechoka, muziki wa mapigo 90 ungewalaza. Na kwa kuwa MC anataja waliohudhuria, kila shughuli ina toleo lake lisilorudiwa pengine. Muziki wa namna hiyo haungoji mtu aununue. Unangoja mtu aolewe, au mtoto atoke jandoni, na hayo hayaishi.

Basi kinachoweza kuiua singeli ni kukosa pa kufanyia shughuli, na hilo huwa halizungumzwi. Vigodoro vimepigwa marufuku na viongozi kwa nyakati mbalimbali, kwa sababu za kelele, ugomvi na uchezaji unaoonekana hauna staha mbele ya watoto. Sitaki kujifanya malalamiko hayo ni ya kuzua; nimeshalala nyumba ya tatu kutoka kwenye kigodoro nikiwa na usaili asubuhi, na maneno niliyoyatoa usiku ule siwezi kuyaandika. Lakini tukihamishia shughuli zote kwenye kumbi zinazofungwa saa sita usiku, ambako MC anasoma ratiba, muziki uliotengenezwa kwa ajili ya alfajiri utabaki umevaa nguo isiyo yake.

Kisha kuna namna ya tatu ya kuishi, isiyo na shangwe lakini yenye umri mrefu. Muziki unaweza kuisha jina ukabaki mbinu, kama jani la mchicha linalooza bustanini na kurudi kama mbolea. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, mfanyakazi wa redio ya taifa ya Ufaransa, alirekodi sauti za treni akazipanga kuwa muziki. Alitumia santuri zenye mfereji uliofungwa, ambamo sindano huzunguka palepale na sauti hujirudia bila mwisho. Muziki wenyewe unasikilizwa na watu wachache hadi leo. Sitakudanganya kuwa umewahi kujaza uwanja. Lakini kule kujirudia kwa kipande kifupi kumeenea dunia nzima. Sidai DJ wa Mburahati alimsikia Schaeffer. Kila mmoja alifika pale kwa mguu wake. Isipokuwa mmoja alipofika, lile tendo likawa halina uwendawazimu tena.

Mfano ulio karibu zaidi na uswahilini ni Kingston, Jamaika. King Tubby alikuwa fundi wa redio na vikuza sauti. Karibu na miaka ya 1970 alianza kuchukua nyimbo za reggae zilizokwisha kurekodiwa na kuzivua: anatoa sauti ya mwimbaji, anaacha besi na ngoma, anarusha mwangwi hapa na pale. Muziki huo uliitwa dabu. Leo ukiuliza vijana kumi wa Dar, pengine mmoja atakuwa amewahi kusikia jina hilo. Lakini kila anayesikiliza rimiksi anakula kwenye sahani ya yule fundi. Swali la "dabu ilichuja lini?" halina jibu, kwa sababu iliingia kwenye maji ya kunywa.

Sasa yale madai ninayoyasikia kila mara.

La kwanza: "Miziki ya zamani ilidumu, ya siku hizi ni ya kupita." Nenda jikoni kwa bibi. Utakuta sinia la shaba la miaka sitini, zito, halijapata hata ufa. Utasema vyombo vya zamani vilikuwa imara. Lakini vile vilivyovunjika vilitupwa, huvioni. Ndivyo ilivyo kwa nyimbo. Tunazozisikia kwenye vipindi vya zilipendwa ni masinia ya shaba. Nyuma yake kuna lundo la vigae tusilolijua. Singeli ya leo tunaiona na vigae vyake vyote, vikiwa bado vinatukata miguu.

La pili ni kwamba kasi ile mwili hauiwezi, kwa hiyo watu watachoka. Watazame wachezaji. Mguu haufuati kila pigo. Kiuno kinachukua moja kinaacha moja, kwa hiyo biti ya 240 inachezwa kama 120, mwendo ambao mwili unaumudu vizuri. Mashine ina kasi yake na kiuno kina yake. Utamu uko katikati. Anayeumia kweli ni MC, maana pumzi haigawanyiki kwa mbili. Sikiliza wanavyovuta hewa, utagundua wengi wameigeuza pumzi yenyewe kuwa pigo.

La tatu linatoka kwa mashabiki wenyewe: "Singeli imeshafika Ulaya, haiwezi kufa tena." Hapa nina wasiwasi. Kusafiri kumewapa maprodyuza wa Dar kazi, heshima na pasipoti zenye mihuri, na Nyege Nyege imewasaidia wengi kusikika. Lakini umma wa matamasha ya Ulaya unapenda kipya. Mwaka huu singeli, mwakani kitu kutoka Durban au Lisbon. Wakishasema "hii tumeshaisikia", hawana shangazi wa kumwoza anayehitaji muziki huo. Shabiki wa mbali anaweza kukulipa vizuri, ila hakulei. Kuna hatari nyingine ya chini kwa chini: prodyuza anapojua kwamba mzungu anataka fujo, anaongeza fujo, anapunguza MC, na siku akirudi na biti hizo kwenye turubai la Tandale hakuna anayesimama. Mgema akisifiwa, mnajua tembo hufanywaje.

Na lile la nne, kwamba singeli ni matusi matupu, nitalipita haraka. Matusi yapo. Yapo pia maneno ya kodi ya nyumba, ya wivu, ya mama mkwe, ya pesa isiyokaa mfukoni. Mipasho ya taarabu iliwahi kushtakiwa kosa hilohilo, tena kwa maneno karibu yaleyale.

Mnaweza kuuliza: je, ikidumu itabaki ya majaribio? Sidhani, na sioni kwa nini tuhuzunike. Jaribio likifaulu likarudiwa mara elfu linakuwa desturi. Mtoto aliyezaliwa Manzese 2010 hajawahi kuijua Dar isiyo na singeli. Kwake si jambo la kushangaza, ni sauti ya nyumbani kama adhana na honi ya bodaboda. Kinachoonyesha kama desturi hiyo ina damu ni kama kuna anayeivunja kutoka ndani. Nikisikia waimbaji wa zamani wakilalamika kwamba hawa wadogo wanaharibu singeli, natulia. DJ Travella, aliyetoa albamu yake "Mr Mixondo" 2022 akiwa kijana mdogo sana, anapiga mambo ambayo mwimbaji Msaga Sumu wa siku za mwanzo asingeyaita singeli bila kufikiri mara mbili. Ugomvi wa aina hiyo ulikuwepo kwenye taarabu kwa zaidi ya miaka mia.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni jambo dogo la kifundi. Taarabu ya Siti ina santuri. Dansi ilikuwa na kanda za Redio Tanzania. Singeli ya miaka ya mwanzo iliishi kwenye flashi, kwenye memori kadi, na kwenye kompyuta zilizouzwa zilipokwama kodi ya chumba. Faili nyingi hazikuwa na jina la MC wala la prodyuza. Anayetaka kuandika historia yake atakuta mashimo pale ambapo palikuwa na nyimbo, na nyimbo zenyewe zilipigwa jana tu.

Najua hili kwa sababu nilikuwa na simu ya zamani ya batani iliyolala kabatini, na ndani yake memori kadi niliyojaziwa nyimbo na kijana wa kibanda cha kuchaji, karibu 2012. Nilimpelekea fundi. Wa kwanza alinirudishia akisema kadi imekufa, akaninyima na mfuniko wa simu. Wa pili aliokoa nyimbo 11. Hazina majina: "Track 03", "Track 07", moja imeandikwa "mpya kabisaa". Biti ya kinanda kinacholia, sauti ya MC imeungua kwa ukali wa spika, nyuma yake akina mama wanashangilia jina la mtu ambaye sitamjua kamwe.

Nilimpigia mpwa wangu wa miaka 14, nikiwa nimejiandaa kumweleza yote haya. Alisikiliza sekunde ishirini hivi, akakunja uso.

"Mjomba," akasema, "hii mbona inakwenda polepole?"